UZI: José Vianna da Motta, mzaliwa wa São Tomé aliyefundishwa na Liszt, kisha akarudi nyumbani kufundisha

Mleta uzi

Wakuu, heri ya jioni.

Kuna jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu hii, nimeona nilifungulie uzi.

Mimi ni mpiga kinanda wa parokia, mwaka wa kumi na nne sasa. Kwetu ukitaja watunzi wa piano majina ni yaleyale: Bach, Mozart, Beethoven, Chopin. Anayejua zaidi ataongeza Liszt. Mreno hatajwi kabisa. Basi usiku mmoja nilikuwa nasikiliza rekodi za zamani, ikaja Totentanz ya Liszt, yaani ngoma ya mauti, iliyorekodiwa mwaka 1945 na okestra ya Ureno chini ya Pedro de Freitas Branco. Sauti yenyewe chakavu, inachachatika kama dagaa kwenye mafuta. Lakini piano ilipoanza kule chini kwenye besi, pigo zito baada ya pigo zito, nikaketi vizuri. Wimbo unaogongwa pale ni Dies irae, ule wa misa za wafu ambao wazee wetu waliokulia kwenye Kilatini wanaujua hata usingizini. Anaupiga bila kuuremba, kama mtu anayesoma hukumu. Halafu vidole vinaanza kukimbia.

Nikasema huyu ni kijana, tena mwenye nguvu zake. Kutazama jina: José Vianna da Motta, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1868. Pigeni hesabu wenyewe. Ni mzee wa miaka sabini na kitu anayepiga vile. Na mahali alipozaliwa ni São Tomé.

Afrika, wakuu. Ghuba ya Guinea, ikweta inapita kwenye kisiwa kidogo kilicho kusini yake tu. Baba yake alikuwa mfamasia aliyependa muziki na kuupiga kwa mapenzi yake. São Tomé ya wakati huo ilikuwa kisiwa cha mashamba ya kahawa na kakao, na utumwa ulikuwa bado halali. Amri ya kuufuta katika makoloni ya Ureno ilitoka Februari 1869, mtoto akiwa na miezi kumi, na hata hapo walioachwa huru walitakiwa kuendelea kuwatumikia mabwana zao kwa miaka kadhaa.

Hakukulia huko. Familia ilihamia Ureno akiwa bado mdogo sana, wakakaa Colares, upande wa Sintra. Na Sintra ndiko lilikokuwa kasri la Pena la Fernando II, mjane wa Malkia Maria II, mtu wa ukoo wa Kijerumani aliyependa sanaa kuliko siasa. Mke wake wa pili, Elise Hensler, aliyepewa cheo cha Condessa d'Edla, aliwahi kuwa mwimbaji wa opera. Watu wa aina hiyo wakimsikia mtoto mwenye kipaji hawahitaji kuelezwa mara mbili. Mtoto akasoma chuo cha muziki cha Lisbon, akamaliza, na mwaka 1882 wakamgharamia kwenda Berlin. Alikuwa na miaka 14.

Nitaendelea. Anayependa aweke kambi.

Mdau wa Iringa

Kambi nimeshaweka, mkuu. Swali tu: kwa nini Berlin? Mimi nilidhani Wareno na Paris ndiyo damu moja.

Mleta uzi

Swali zuri. Lisbon ya wakati ule kweli ilitazama Paris kwa mavazi na vitabu, na Italia kwa opera. Lakini mfadhili ndiye anayechagua njia, na huyu alikuwa na Ujerumani damuni. Kijana akaingia shule ya Xaver Scharwenka kwa piano, na utunzi akafundishwa na Philipp, kaka yake Xaver. Mwisho wa mwaka 1885 Fernando akafariki. Ila kabla ya hapo, kiangazi cha mwaka huohuo, kijana alikuwa tayari amepata kile ambacho kila mpiga piano wa Ulaya alikuwa anakiota: alikwenda Weimar, mji wa Ujerumani, kwa Liszt.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Liszt alikuwa na miaka 73. Alikaa nyumba ya ghorofa moja pembeni ya bustani, ikiitwa Hofgärtnerei, na wakati wa kiangazi aliwapokea wanafunzi alasiri mara tatu kwa wiki. Hakutoza hata senti. Ukifika unaweka nota zako juu ya piano pamoja na za wenzako. Mzee anaingia, wote wanasimama, anapekua lile rundo, anachomoa kipande kimoja, anauliza: nani anapiga hiki? Mwenye nacho anakwenda kukaa huku macho ya wenzake yote yako mgongoni kwake. Na wenzenyewe ni watu kama Siloti, Friedheim, Rosenthal, Stavenhagen na Lamond, watu ambao baadaye walijaza kumbi Ulaya nzima. Fikiria una miaka 17, umetoka nchi ambayo hakuna anayeitaja kwenye piano, na mzee ameshika karatasi zako.

Liszt alikufa Julai 1886. Kwa hiyo wale wa kiangazi cha 1885 ni kundi karibu la mwisho. Lamond, Mskoti wa Glasgow, naye alizaliwa 1868, na wote wawili walifariki 1948, Lamond Februari na Mreno wetu katikati ya mwaka. Baada yao karibu hapakubaki mtu aliyeweza kusema nilikaa kwenye piano ya Liszt akanisahihisha.

Mwaka 1887 akaenda Frankfurt kwa Hans von Bülow, mpiga piano na kiongozi wa okestra. Huyu alikuwa wa namna nyingine kabisa. Liszt alifundisha kwa picha na hadithi, Bülow kwa kisu: kila nota iwe na sababu, kila mstari uchambuliwe. Vianna da Motta aliandika kumbukumbu za masomo hayo kwa Kijerumani, na zikachapishwa mwaka 1896. Ukimsikiliza kwenye rekodi unawasikia wote wawili. Moto upo, lakini jiko limefungwa vizuri.

Mdau wa Mtwara

Mleta uzi, ubarikiwe. Ila niulize wazi: huyu tumwite Mwafrika? Maana babu yangu alivuka Ruvuma kuja huku akikimbia kazi za shuruti za Wareno Msumbiji. Sipendi kumpokea mtu kwa sababu ya hospitali aliyozaliwa.

Mleta uzi

Nakuelewa, ndugu yangu, na sitakuficha maoni yangu. Alizaliwa Afrika, akalelewa Ureno, akakomaa Ujerumani, maana Berlin alikaa tangu 1882 hadi vita vya 1914, miaka 32. Yeye mwenyewe alijiona Mreno tena kwa nguvu zote. Katika vipande vyake nilivyosikia, São Tomé haisikiki hata kwa kibao kimoja. Kwa hiyo sijamleta hapa ili tumdai. Nimemleta kwa sababu maisha yake yanapita kwenye mlango wetu mara zaidi ya moja, na nadhani huko ndiko utakakopata jibu la babu yako pia.

Sikiliza. Tarehe 11 Januari 1890 Uingereza iliipa Ureno onyo la mwisho: toeni askari wenu bonde la Shire na Mashonaland, vinginevyo tunavunja uhusiano. Ureno ilikuwa na ndoto ya kuunganisha Angola na Msumbiji kwa ukanda mmoja wa ardhi unaokatisha bara, na kwenye ramani zao eneo hilo lilipakwa rangi ya waridi. Ni ardhi ambayo leo ni sehemu za Zambia, Malawi na Zimbabwe. Serikali ya Lisbon ilinywea siku hiyohiyo. Nchini kwao ikawa kilio. Watu walijiona wamevuliwa nguo hadharani. Alfredo Keil, mtunzi na mchoraji, akatunga wimbo wa hasira ambao baada ya ufalme kuanguka ukawa wimbo wa taifa, na ndio wanaouimba hadi leo kabla ya mpira.

Wenye ardhi, watu wa Shire na Mashonaland, hawakuulizwa na upande wowote.

Kijana wetu alikuwa Berlin habari hizo zikifika. Miaka mitano baadaye, 1895, alikamilisha simfonia aliyoiita À Pátria, kwa nchi yangu. Yeye mwenyewe aliiongoza ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Porto mwaka 1897. Ina sehemu nne, na ya kwanza inasimama juu ya beti za Camões, mshairi wao mkuu, zile za mwanzo wa Os Lusíadas ambamo anawaomba wasichana wa mto Tagus wampe sauti kubwa. Sehemu ya pili ni ya mapenzi, taratibu. Ya tatu ina nyimbo za wanakijiji. Ya nne inaeleza kuporomoka kwa nchi, mapambano, na kuinuka tena.

Sasa Os Lusíadas ni shairi la mwaka 1572 la safari ya Vasco da Gama. Watu wa pwani mnajua linapita wapi.

Mdau wa Mombasa

Tunajua sana. Linapita kwetu, na ndani yake sisi Mombasa ndio wabaya na Malindi ndio wema. Nilisoma tafsiri yake chuoni. Mfalme wa Malindi anakaa anasimuliwa historia nzima ya Ureno, sura tatu nzima, naye anashangaa tu.

Kaka, nimefuata uzi wako kwa hamu lakini hapa niruhusu niseme. Mimi nikifungua dirisha naiona Ngome ya Yesu. Mji huu waliuchoma 1505, wakauchoma tena 1528. Kilwa nayo waliipora mwaka uleule wa 1505. Leo nikae nisikilize simfonia ya kulilia utukufu huo? Ya kulia kwa sababu Mwingereza amewazuia kuchukua zaidi? Moyo unakataa.

Mleta uzi

Moyo wako una haki, na sitaubishia. Nilisimama hapohapo mimi mwenyewe kabla ya kuandika uzi huu. Niliisikiliza simfonia mara ya kwanza bila kujua chochote, nikaipenda. Nikasoma kilichoizaa, nikaizima. Siku ya tatu nikairudia.

Hiki ndicho ninachokiona sasa, na kila mtu awe na lake. Ile sehemu ya mwisho, ya kuporomoka na kuinuka, hainishawishi, hata kimuziki. Ni tarumbeta nyingi zinazoahidi kitu ambacho hakikuja, na pale ambapo kingekuja, kingekuja juu ya migongo ya watu kama babu wa ndugu yetu wa Mtwara. Lakini sehemu ya tatu haina Vasco da Gama. Ina watu wa mashambani wa kaskazini mwa Ureno, maskini wa nchi hiyohiyo, wanaocheza baada ya mavuno. Hapo mtunzi anaacha kuhubiri na kuanza kusikiliza. Ukimtenga mkulima yule na mfalme wake, utaisikia nchi nyingine.

Na kuhusu São Tomé: mwaka 1909 makampuni ya chokoleti ya Uingereza, Cadbury mojawapo, yaliacha kununua kakao ya kisiwa hicho kwa sababu ya wafanyakazi waliokuwa wakiletwa kutoka Angola kwa mikataba ambayo kwa kweli ilikuwa utumwa. Mtoto wa mfamasia wakati huo alikuwa na miaka 41, na jina lake limeshafika mbali. Alikuwa amefuatana na mpiga fidla Sarasate jukwaani, amezunguka Amerika Kusini, na ni rafiki wa karibu wa Busoni, mpiga piano na mtunzi wa Kiitaliano. Busoni alipotoa zile konsati nne Berlin mwaka 1898 za kuonyesha namna konsato ya piano, yaani kipande cha piano na okestra, ilivyokua tangu Bach, maelezo ya programu aliyaandika Vianna da Motta. Alikuwa mmoja wa walioandaa toleo kubwa la kazi za Liszt. Alikwisha fika, kwa maneno mengine. Na ni hapo ndipo maisha yake yanapogeuka.

Mdau wa Iringa

Usituache hapo, mkuu. Aligeuka vipi?

Mleta uzi

Vita. Mwaka 1914 aliondoka Berlin. Akapata kazi Uswisi, chuo cha muziki cha Geneva, kwenye kiti alichokiacha Stavenhagen, mwenzake wa zamani wa Weimar aliyekuwa amefariki. Alikaa huko 1915 hadi 1917. Geneva ingemfaa kabisa: mji tulivu, cheo, mshahara. Akarudi Lisbon.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imempindua mfalme mwaka 1910, imeingia vitani 1916, serikali zinabadilika kila baada ya miezi. Akasaidia kuanzisha chama cha matamasha cha Lisbon, kisha akakabidhiwa chuo cha muziki kilekile alichosoma akiwa mtoto. Mwaka 1919 yeye na mtunzi Luís de Freitas Branco walifumua mitaala. Mwanamuziki asitoke pale akijua vidole tu, bali pia historia ya muziki na fani zake nyingine. Alikiongoza hadi 1938, alipotimiza miaka 70.

Mwaka 1927 dunia ilipokumbuka miaka 100 tangu kifo cha Beethoven, alipiga mjini Lisbon sonata zote 32 za Beethoven. Kwa wasiopiga ala naomba niwaeleze maana yake. Mimi sonata moja tu ya Beethoven, ile nyepesi ya Op. 49, ilinichukua miezi mitano, na bado sehemu moja ya mkono wa kushoto inanikwama. Yeye alikuwa na ofisi ya chuo, mafaili, walimu wanaogombana, na wanafunzi mlangoni, akiwa na miaka 59. Wasikilizaji wengi wa Lisbon nyingi ya sonata hizo hawakuwa wamewahi kuzisikia zikipigwa mbele yao. Alizipiga zote ili ziwepo.

Kutunga muziki alikuwa ameacha karibu kabisa. Ballada yake ya 1905, iliyojengwa juu ya nyimbo za watu wa Ureno, ni kati ya vipande vikubwa vya mwisho vya piano alivyoandika. Kuna wanaosema ni hasara. Mimi naona alichagua.

Mdau wa Mtwara

Hapo kwenye kurudi nyumbani umenigusa. Wanafunzi wake walifika wapi?

Mleta uzi

Nitataja wawili, wanatosha.

Wa kwanza ni Fernando Lopes-Graça, aliyezaliwa Tomar 1906. Alipiga piano kwa Vianna da Motta, akawa mtunzi mkubwa kuliko mwalimu wake. Alikuwa mkomunisti, akafungwa, akazuiwa kufundisha shule za serikali wakati wa udikteta wa Salazar. Pamoja na Michel Giacometti alikusanya nyimbo za wanakijiji wa Ureno kwa miaka mingi, zile za kufanyia kazi, za kubembelezea watoto, za misiba. Mwalimu alizitumia nyimbo za kijijini kama maua ya kupamba meza. Mwanafunzi akaenda kuzitafuta shambani kwenyewe, na matope yake.

Wa pili ni Sequeira Costa. Huyu alizaliwa Luanda, Angola, mwaka 1929. Mwalimu wa São Tomé, mwanafunzi wa Luanda, wote wamekutana Lisbon. Alianza kufundishwa na mzee akiwa mtoto mdogo na alibaki naye hadi mzee alipofariki 1948. Mwaka 1957 akaanzisha shindano la kimataifa la piano lenye jina la mwalimu wake. Mwaka 1958 alikuwa kwenye jopo la majaji wa shindano la kwanza la Tchaikovsky mjini Moscow. Baadaye akahamia Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Kansas, na huko akamfuata kijana wa Kireno aitwaye Artur Pizarro, ambaye mwaka 1990 alishinda shindano la piano la Leeds, Uingereza.

Na Pizarro ndiye aliyekuja kurekodi konsato ya piano ya Vianna da Motta, ile aliyoiandika akiwa na miaka 19, pamoja na Ballada na fantasia yake ya piano na okestra. Kwa hiyo ukiisikiliza rekodi ile, mwanafunzi wa mwanafunzi ndiye anayepiga.

Mdau wa Mombasa

Nimesoma yote. Bado simfonia sitaisikiliza, utanisamehe kaka. Lakini huyo mwalimu namtaka. Nianze na kipi kisicho na mfalme ndani yake?

Mleta uzi

Hakuna cha kusamehe. Anza na Cenas Portuguesas, piano peke yake, Op. 9. Ni vipande vitatu: Cantiga de amor, Chula na Valsa caprichosa. Mwenyewe alivirekodi mjini Paris zama za sahani za santuri, kwa hiyo unaweza kumsikia kwa mikono yake.

Nenda moja kwa moja kwenye Chula. Chula ni ngoma ya kaskazini mwa Ureno, inachezwa kwa ngoma kubwa, pembetatu ya chuma na magitaa. Kwenye piano, mkono wa kushoto unashika zamu ya ngoma, haubembelezi, unakanyaga tu. Mkono wa kulia unaruka juu yake na kuchelewa nusu ya pumzi, kama mchezaji anayejua kwamba wote wanamtazama na hana haraka. Msikilize anavyomalizia mistari. Wapigaji wengi hupunguza mwendo ili ujue mstari umeisha. Yeye hapunguzi. Anakata, anaanza mwingine, kama watu wanaocheza kweli.

Mdau wa Iringa

Na sisi wapiga kinanda cha kanisani, kuna tunachoweza kukipiga?

Mleta uzi

Cantiga de amor inawezekana, ukiwa na subira. Wimbo wake ni mwepesi kuimbika. Kwaya yangu wameshaanza kuuvumisha bila kujua ni wa nani. Shida ni kinanda chenyewe. Chetu kina vibao 61, piano ina 88, kwa hiyo besi za chini kabisa hatunazo na inabidi uzipandishe. Nina binti mmoja namfundisha, yuko kidato cha pili. Jumamosi tulikuwa tunaupitia, akafika mahali mkono wake wa kushoto ukaenda kutafuta nota iliyo nje ya kinanda, kidole kikagota kwenye mbao. Akacheka, akasogea, akaipiga ya juu yake, akaendelea bila kuvunja mwendo.

Jumamosi ijayo tunashika ukurasa wa pili. Mwenye piano kamili mjini kwake na yuko tayari kutukaribisha hata kwa saa moja, aniandikie.